Mgongo wa Gauni la Semeni

Picha ya Bi Semeni ilining'inia sebuleni kwake Nguvumali, juu ya mlango wa chumbani, na mgeni aliyeingia asiitazame hakupewa chai. Ilipigwa mwaka wa hamsini. Semeni wa miaka ishirini kasimama mbele ya ngazi za kuchorwa, kiuno cha nyigu, mikono ya gauni imevimba mabegani, marinda yamefunguka mpaka chini ya magoti, na kidevu kakiinua kana kwamba jumba lenye ngazi zile ni lake. Picha hiyo ilikaa miaka mitano katika dirisha la kioo la Mhindi mpiga picha, Tanga nzima ikapita ikaiona. Wanawake walikwenda kwa mafundi wakaagiza "mikono ya Semeni". Wanaume walitamani mengine, hayaandikiki.

Sasa na lisemwe mapema, tusichoshane. Gauni halikuwa lake. Lilikuwa la studio. Mhindi alikuwa na gauni moja la wanawake na koti moja la wanaume, na yote mawili hayakuwa na mgongo, ili yamwenee mnene na mwembamba. Unaingiza mikono kwa mbele, nyuma unabanwa kwa vibanio vya kuanikia nguo, kisha unaambiwa usigeuke. Siku ile Semeni, muuza vitumbua wa Ngamiani, mbele alikuwa mke wa liwali, na nyuma feni ilimpuliza uti wa mgongo.

Hakumwambia mtu. Mume aliyemwoa kwa ajili ya picha ile alizikwa hajui.

Na kwa gauni hilo hilo alijifanya kadhi wa mavazi ya watu. Miaka ya shida ilipofika, nguo dukani ni kwa foleni na foleni yenyewe ni kwa kujuana, watu walishona magunia ya unga wakatembea na maandishi makalioni. Semeni alikaa barazani na kaniki yake iliyopauka, akihukumu.

"Yule gunia kalivaa kinyume," alisema. "Gunia nalo lina mbele yake."

Hata mwaka wa themanini na nne, serikali ilipolegeza kamba na wenye uwezo wakaruhusiwa kuleta bidhaa, mjukuu wake Salme, mtoto wa binti yake, akaposwa na Hafidh, karani wa bandarini. Wenzake Salme walikuwa wanaolewa wamevaa magauni ya mitumba, yaliyokwisha kuolewa Ulaya mara moja. Salme akasema hataki.

"Mimi sivai gauni la marehemu. Nataka nishonewe la bibi, lile lile la pichani. Mbele na nyuma."

Semeni akapaliwa na chai.

Kitambaa kilikuwepo, hakuweza kusingizia hilo. Rahila, shangazi yake Salme anayekaa Moa karibu na mpaka, alikivusha kutoka Mombasa mwaka uliotangulia, walanguzi walipokuwa wanakamatwa kama kuku. Alijifunga tumboni chini ya buibui, akapita mbele ya askari ana mimba ya miezi tisa na umri wa miaka hamsini na mitano. Askari wakampa kiti. Alipofika Nguvumali akajifungua yadi tano za satini nyeupe. Hazikuwa na ndugu Tanga nzima. Zikiharibika, Salme ataolewa ndani ya gauni la marehemu wa Ulaya.

Basi Jumatatu bibi na mjukuu wakaenda Usagara kwa fundi Uweso, mwenye cherehani barazani.

"Shikamoo, Bi Semeni."

"Marahaba. Cherehani bado inakohoa?"

"Inakohoa kwa kukosa mafuta, kama sisi sote." Akaipokea picha, akaiweka juani, akaitazama kitambo. "Mbele nimepaona. Sasa mgongo ulikuwaje?"

"Ulikuwa mgongo," alisema Semeni. "Wewe hujapata kuona mgongo?"

"Nimeona mingi, bibi. Nauliza huu. Ulifungwa kwa nini?"

"Zipu."

Uweso akaandika zipu pembeni ya gazeti. Jumanne akaja mwenyewe Nguvumali kuuliza zipu ndefu kiasi gani, Semeni akamwambia nani kataja zipu, zilikuwa kamba za kupishanisha. Jumatano fundi alipomtuma mkewe kuuliza kamba ngapi, zikawa zimegeuka kuwa fundo kubwa kama kipepeo. Mke wa fundi akarudi nyumbani akamwambia mumewe kwamba mzee wa watu anaanza kupotea.

Hakuwa anapotea. Alikuwa hapati usingizi. Kila akifumba macho anamwona Salme ukumbini, na watu wanamcheka yeye Semeni, si gauni. Miaka thelathini na minne kala kwa jina la nguo ya kuazima, na jina hilo ndilo alilobaki nalo, maana meno yalishatangulia.

Alhamisi ndiyo siku ya kukata. Satini ilitandazwa juu ya mkeka barazani, Salme kasimama kando na utepe wa kupimia shingoni, Uweso kashika mkasi mkononi na chaki mdomoni.

"Kitu kimoja kinanisumbua," alisema fundi, akaitoa chaki mdomoni. "Tazameni hapa ubavuni pichani. Hii mikunjo. Nguo imevutwa kwenda nyuma kwa nguvu, kama inaburutwa na punda. Nikikata kiuno kama kinavyoonekana hapa, na sijui kilichokuwa kinavuta ni kitu gani, huyu bibi harusi atakaa chini mara moja tu. Mara ya pili tutamshona upya mbele ya wageni."

"Si bibi kasema ni kipepeo?" aliuliza Salme.

"Kipepeo havuti hivi, mwanangu."

"Basi kata hivyo hivyo, nitavuta pumzi ndani. Bibi alivaa, mimi nitashindwa?"

Uweso akapiga magoti, akaufungua mkasi, akauingiza kwenye pindo la satini. Semeni akauona ulimi wa mkasi unaingia.

"Weka chini."

"Bibi?"

"Weka mkasi chini, Uweso, masikio yako yana nta? Halikuwa na mgongo. Lilikuwa la Mhindi. Mbele tupu, na nyuma vibanio saba, cha saba kilininyofoa nyama. Kiuno mnachokisifia ni vibanio."

Salme alimtazama bibi yake, akaitazama picha, akamtazama tena. Kisha akakaa chini palepale kwenye ngazi ya baraza, akacheka mpaka utepe ukamdondoka.

"Cheka," alisema Semeni. "Babu yako alitoa mahari kwa vibanio hivyo. Bila hivyo nawe usingekuwepo ucheke."

Uweso hakucheka. Alikuwa anafuta chaki mdomoni polepole mno.

"Bi Semeni, na kwetu picha ya gauni hili ipo. Mama kalivaa. Baba mpaka leo anaamini lilikuwa la mama, na kwamba liliungua kwa pasi."

"Khadija?"

"Yeye."

"Na wewe siku zote hizi wanihoji mgongo, mgongo, kama polisi?"

"Nilidhani labda wewe ulilivaa likiwa bado zima. Mama nimemuuliza, kaniambia nimtoke mbele yake."

Semeni akavuta mkeka, akakaa juu yake, kando ya satini. Kwanza alimtukana Mhindi, kisha Khadija, kisha Uweso kwa kuzaliwa na Khadija. Alipomaliza akaomba chaki.

Mgongo aliuchora mwenyewe kwenye gazeti. Hakujua kuandika zaidi ya jina lake, lakini kuchora mgongo hakuhitaji herufi. Vifungo vidogo vidogo kutoka shingoni mpaka chini ya kiuno, ishirini na viwili, vilivyopangwa karibu karibu. Vifungo Tanga hakuna, kwa hiyo akaagiza kokwa za ukwaju, kila moja ivishwe kipande cha satini. Kiuno akakiachia pumzi mbili, moja ya kukaa, moja ya kula pilau.

Siku ya harusi wanawake walianza kulitazama gauni kwa mbele, kwa adabu, kama watu wanaotazama kitu wanachokijua. Kisha Salme akainuliwa kwenda kusalimia wakwe, wakaona nyuma. Wakaacha masufuria. Wakamfuata chumba hadi chumba, wakihesabu vifungo kwa vidole, mpaka mama mkwe akauliza kwa sauti mgongo kama ule umetoka wapi.

"Nimeutia mimi," alisema Semeni. "La zamani halikuwa nao."

Wasichana walicheka wakidhani ni mzaha. Wanawake wa rika lake, na ukumbi ulikuwa umejaa wao, ghafla walipata mambo mengi ya kutazama sakafuni, na Khadija akaanza kukohoa, akakohoa mpaka akaletewa maji.