Bakuli la Mchanga la Baba

Zamani za Wadachi, yaani Wajerumani, baba yangu alikuwa mkalimani wa Mzungu mmoja aliyepiga hema karibu na mdomo wa mto, hapa Rumonge, kazi yake kupima mchanga. Tulicheka sana. Mtu mzima avuke bahari aje kupima mchanga! Lakini siku Mzungu alipoondoka, baba alirudi na chupa ya kioo aliyopewa zawadi, na tangu hapo hatukupumua. Kila mgeni lazima aone. Baba anatia udongo, anatia maji, anatikisa, kisha anaanza: punje kubwa hutua kwanza, ndogo hufuata, punje ikiwa pana mara mbili ya mwenzake, huzama upesi mara nne. Vumbi laini hubaki likielea na kuyachafua maji.

"Hii ni sheria," alisema. "Hata mwami, mfalme mwenyewe, hawezi kuivunja."

Nilikuwa mke wa mtu, mama wa watoto, na bado nililazimika kuketi nishangae upya.

Kisha akapigwa na kiharusi. Kilimwachia mkono mmoja, sauti kikaichukua. Maji yalimtia homa, kwa hiyo mama alijaza bakuli dogo mchanga wenye vumbi kutoka kwenye lundo nyuma ya nyumba, ili baba atayamamu badala ya kutawadha: apige kiganja mchangani, akipulize, apake uso. Hakutaka kuonekana katika unyonge ule. Wakati wa sala ukifika, alituashiria tushushe pazia. Alikaa hivyo miezi, mpaka akafariki.

Matangani jirani mmoja alisema, tena kwa sauti, kwamba marehemu alizoea mno Wazungu na sala aliitupa kitambo. Nilitamani kumchapa kwa mwiko. Mama aliacha kula.

"Mwanangu," aliniuliza siku ya pili, "baba yako alikuwa anasali ao aliachaka? Mimi nilikuwa nyuma ya pazia tu."

Swali hilo liliniumiza kuliko msiba wenyewe. Niliingia chumbani kupanga vitu vya baba. Bakuli lilikuwa chini ya kitanda, limefunikwa kwa kawa. Nilipoutia mkono, mchanga ulikwaruza, na vidole vikatoka safi.

Nikaichukua chupa, nikaketi mbele ya mama. Kwanza nilitia mchanga wa lundoni, nikatikisa. Maji yakawa mekundu, yakabaki mekundu. Nikaimwaga, nikatia maji mapya na mchanga wa bakuli. Punje zilizama zote mara moja, na ng'ambo ya kioo nikaona maua ya nguo ya mama.

Somo lile alilisikia mara nyingi kuliko mimi. Aliichukua chupa, akayatazama maji.

"Vumbi iko wapi?"

"Alilipaka usoni, mama. Lote."

Alilia kwa sauti, mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha akanirudishia chupa, machozi yakimtiririka.

"Muite yule jirani," akasema. "Akuje atikise mwenyewe."