Mfuko wa Saruji wa Mwongeli

Jumapili ya harambee, kila familia ilipanda mlima hadi kanisani na mfuko wake wa saruji. Wengine waliupakia kwenye bodaboda, wengine waliusukuma kwa wilbaro, na wazee wachache wakashikilia kuubeba begani kama baba zao walivyobeba mawe ya kanisa hilo. Mifuko ikapangwa mbele ya madhabahu. Mwongeli, mjane aliyeimba kwaya hapo tangu usichana wake, alikuwa ameandika jina la marehemu mumewe kwenye mfuko wake kwa makaa, kwa sababu baba mkwe wake alikuwa mmoja wa waliolijenga kanisa.

Binti yake, Kalunde, aliketi benchi la nyuma, roho ikimuuma. Alikuwa msanifu majengo, na katika mji mzima wa Machakos ulio bondeni hakujua mwenzake wa kazi aliyoichagua: kuhifadhi majengo ya kale. Watu walimwita injinia, kisha wakamuuliza amejenga nini. Aliosoma nao chuoni walikuwa na maghorofa ya kuonyesha kule Syokimau. Yeye alikuwa na veranda ya duka kuukuu mjini, nguzo zake zikiwa zimesimama kama zamani, na hakuna aliyejua kwamba zilikaribia kuanguka. Kazi yake ikifana, huonekana kana kwamba haikufanywa. Katika nchi inayoona maendeleo kwenye vioo na vigae tu, hiyo ni kazi ya kumkondesha mtu.

Kamati ya ujenzi ilikuwa imekata shauri: kuta zote zipigwe plasta ya saruji, na kazi ianze wiki hiyo. Kalunde alijua maana yake. Mawe yale yaliunganishwa kwa udongo na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji ya mvua na kuyatoa jua likiwaka, kama ngozi inavyotoa jasho. Ukiuvika saruji, maji hukwama ndani, udongo ukalainika, na siku moja ukuta ukamwagika. Chumba cha mchungaji, kilichopigwa plasta miaka ya nyuma, tayari ukuta wake ulikuwa umevimba, umeota kitambi.

Baada ya ibada aliomba nafasi, akawapeleka watu kwenye chumba hicho. Aligonga plasta kwa kidole, ikalia kama debe tupu. Akabandua kipande. Nyuma yake kulikuwa na tope, na mvua haikuwa imenyesha tangu Mei. Akawaeleza habari ya maji, habari ya chokaa, kisha akaongeza kwamba wakipaka ile saruji watakuwa wanalizika kanisa huku wakiliimbia. Maneno hayo ya mwisho angeyameza kama angeweza.

Mwenyekiti wa kamati, Mzee Kilonzo, ndiye aliyejibu.

"Injinia, tumesikia. Wazee wetu walileta mawe. Sisi watoto wetu wakituuliza, tuseme tulileta nini?"

Watu wakaguna kukubali. Kalunde alikuwa amejiandaa kwa kila hoja isipokuwa hiyo. Akamtafuta mama yake kwa macho. Mwongeli alikuwa akitazama viatu vyake.

"Tangi," Kalunde akasema mwishowe. "Maji ya paa yanamwagika kwa msingi, na kila mwaka tunalia kiu. Jengeni tangi. Tangi inataka simiti. Hii ukuta haitaki."

Mzee Kilonzo akasema kwamba walikuja kumvisha bibi harusi, sasa wanatumwa ndoo. Watu wakacheka. Lakini tope alikuwa ameliona, na kiu alikuwa anaijua. Kamati ikaketi tena, ikakubali tangi. Kuta akaachiwa Kalunde na chokaa yake, mradi asisumbue mtu.

Nani alisema ukishinda hoja unapata watu? Tangi lilijengwa kwa nyimbo, na kila familia ikachora jina lake kwenye saruji mbichi. Upande wa pili wa kanisa Kalunde alikuwa na pipa lake la chokaa. Hafso, mwenye duka aliyemuuzia mjini, alimtania kuwa wateja wengine huinunua ya kumwaga chooni. Fundi Mutua alikuja kumsaidia, akachoshwa na kazi ya kupaka tabaka jembamba kwenye maungio ya mawe, kunyunyiza maji, kungoja, kisha kupaka jingine. Akahamia kwenye tangi, kulikokuwa na watu wa kupiga nao soga. Chai ya akina mama ilizunguka huko ikaishia huko. Kalunde alikula chakula chake akiegemea mawe ambayo huenda babu yake ndiye aliyeyapanga, akisikiliza vicheko vya watu aliokua nao.

Mvua za Novemba zikaja. Tangi likajaa. Kuta zikalowa, zikakauka. Siku ya shukrani watu walipiga picha mbele ya tangi, na mgeni mmoja akamwambia Kalunde kuwa ni bahati kuta hizo hazijawahi kuguswa. Kalunde akamjibu kwamba kweli ni bahati.

Watu walipotawanyika alilizunguka tangi akisoma majina. La baba yake halikuwepo. Akalizunguka tena, kisha akateremka hadi nyumbani kwa mama yake.

Mwongeli alikuwa uani akimenya kunde, ameketi juu ya kitu cha kijivu. Ulikuwa ule mfuko. Alikuwa ameurudisha siku ile ile ya mabishano, akauacha kando ya ghala, na mvua ikaufanya jiwe. Karatasi ilikuwa imebanduka, isipokuwa kipande kimoja chenye jina.

"Mwaitu," Kalunde akamwita, kama alivyozoea kumwita mama yake tangu utotoni, "mbona hukupeleka kwa tangi?"

"Sikuleta simiti ya tangi. Nilileta ya ukuta wa baba yako."

Maganda yakaendelea kuanguka. Kisha Mwongeli, bila kuinua macho, akauliza:

"Na hii jiwe yangu, injinia, utaihifadhi pia?"

Kalunde akacheka, akajikuta anacheka peke yake. Mama yake hakusogea kumpa nafasi. Basi akaketi chini mavumbini, kando ya lile jiwe, akachota kunde ungoni, akaanza kumenya.