Kadi Yenye Chipu Sita

Jina alilopewa na wazazi wake, wateja pale dukani hawalijui. Wanamwita Kinyaa, naye amelizoea hata simu huipokea hivyo: "Ndiyo, Kinyaa hapa." Ni fundi wa kompyuta, umri wake miaka thelathini na minne, na hajawahi kufungua kompyuta ya mtu bila kukunja uso. Si kosa lake. Ninyi mnaokaa mkibonyeza vitufe hamjui mnaishi na nini humo ndani. Yeye amekuta mayai ya mende kwenye feni, nywele zilizojisokota, masizi ya sigara yaliyoganda kama lami, na siku moja kucha. Ndiyo, kucha za mtu, zimekatwa na kudondoshwa humo. Huvaa glavu, huchovya brashi kwenye spiriti, husugua, na huku anamsema mwenye mali bila kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Kaka, hii ni kompyuta au jaa?"

Wateja hucheka, halafu hurudi. Hurudi kwa sababu ya karatasi yake.

Mteja akitaka kadi ya picha, ile inayoiwezesha kompyuta kuchora mambo mazito kwenye skrini, Kinyaa hamwambii tu "chukua hii." Hukunja karatasi katikati, kadi moja upande huu, nyingine upande ule. Huandika kila kadi ina vikokotozi vingapi, yaani vile vijisehemu vinavyopiga hesabu, vinakwenda kwa kasi gani, kumbukumbu ni giga ngapi, na njia ya kumbukumbu hiyo ina upana wa biti ngapi. Kisha huzidisha vikokotozi kwa kasi, halafu kwa mbili, maana kila kimoja hupiga hesabu mbili kwa mpigo, na hapo hupatikana nguvu ya kadi. "Nguvu ya kwenye karatasi," husisitiza. "Kadi ni kama watu. Kazini hakuna anayefikia sifa zake zote." Chini hutia sahihi, na hajawahi kutia sahihi kwenye kitu asichokiamini.

Hesabu hiyo alifundishwa na mjomba wake, mwenye duka. Alikuwa binti wa miaka kumi na saba, amefeli mitihani, nyumbani anahesabiwa mzigo. Wengine walimpa pole, Mjomba akampa bisibisi. Kinyaa alimpenda kuliko baba yake mzazi na hakuona haya kusema hivyo.

Asubuhi moja akaja mama mmoja mchora ramani za nyumba. Kompyuta yake ilikuwa inagoma kila akifika kwenye paa, na Ijumaa alitakiwa kumwonyesha mwenye kiwanja nyumba yote. Kinyaa akaweka kadi mbili juu ya kaunta. Moja ilikuwa imetumika, imechubuka pembeni. Nyingine mpya, ndani ya boksi lake, nailoni haijatoka.

Akaandika. Iliyochubuka, vikokotozi mia sita na arobaini, giga mbili, nguvu yake hesabu trilioni moja na kitu kwa sekunde. Ile ya boksi, vikokotozi mia saba sitini na nane, giga nne, hesabu karibu trilioni mbili. Njia ya kumbukumbu biti mia moja ishirini na nane kwa zote. Mtoto wa darasa la nne angejua achague ipi.

"Karatasi nimeiona," mama akasema, akatoa flashi kwenye pochi. "Sasa nichoree paa langu."

Kinyaa akachomeka ile mpya. Kompyuta ikasoma jina lake sawasawa, giga nne. Kuta zikasimama, madirisha yakakaa. Paa lilipoanza kufunika, picha ikavunjikavunjika na skrini ikawa nyeusi. Akarudia, ikawa vilevile. Akachomeka ile iliyochubuka, ikachora polepole kama bibi anayepanda ngazi, ikamaliza mpaka kigae cha mwisho.

Aibu ikamshika. "Labda kuna vumbi," akasema, ingawa vumbi kwenye kitu kipya lingetoka wapi? Akafungua skrubu, akang'oa feni.

Chini yake dawa ya kupoza joto ilikuwa imekauka na kupasuka kama gaga. Unywele ulikuwa umenasa humo, na mguu wa mende. Chini ya stika mpya, kwenye kadi mpya! Akaisugua kwa spiriti mpaka chipu za kumbukumbu zikaonekana, akazihesabu kwa ncha ya bisibisi. Sita. Akahesabu tena.

"Kuna nini?" mama akauliza.

"Kila chipu hapa ina njia ya biti thelathini na mbili. Kadi hii ingekuwa kweli ile iliyoandikwa kwenye boksi, zingekuwa nne. Nne mara thelathini na mbili, mia moja ishirini na nane. Mimi naona sita."

"Si zikiwa nyingi ndiyo vizuri?"

"Hapana, mama. Maana yake hii siyo ile kadi. Ni ya zamani sana, ina giga moja tu, na vikokotozi havifiki hata nusu ya nilivyokuandikia. Imeandikiwa ndani jina la mwenzake, ndiyo maana hata kompyuta imedanganyika. Ningekuuzia mbuzi kwenye gunia."

Mjomba akatokea chumba cha nyuma akijifuta mikono. Hakuuliza kilichoharibika. "Ifunge hiyo, mwanangu," akasema taratibu. Kutoka hapo Kinyaa hakuhitaji kuambiwa lolote.

"Nani kaiandikia hili jina, Mjomba?"

"Kompyuta yenyewe imelisoma ikakubali. Wewe nani ulikatae?"

"Nimeuliza nani."

"Mimi. Kuna ubaya gani? Si zinawaka? Watu wanataka jina, mimi nawapa jina."

Kinyaa akaitazama ile mikono. Ilikuwa misafi, kucha fupi, inanukia sabuni. Ndiyo iliyomwonyesha jinsi ya kushika bisibisi, ndiyo iliyomwongoza kuzidisha. Mende amewazoea, lakini hii mikono hakuweza kuitazama tena.

"Unanivua nguo mbele ya mteja?" Mjomba akafoka. "Mimi niliyekulea?"

"Ulinilea, Mjomba. Na leo unanitia kichefuchefu."

Maneno mazito hayo kumwambia mkubwa. Aliyasema huku machozi yanamtoka, wala hakuyafuta maneno hayo. Mjomba akarudi chumba cha nyuma, akafunga mlango.

Mama mchora ramani akavuta ile kadi iliyochubuka upande wake. "Nitachukua hii," akasema. Halafu akauliza, bila ukali, "Hizi za maboksi umeshauza ngapi?"

"Kumi na moja."

"Zote na karatasi yako?"

"Zote."

"Ulizifungua?"

"Hapana."

"Wewe? Wewe unayefungua mpaka kipanya cha mtu?"

"Zilikuwa safi," akasema.

Mama alipoondoka, Kinyaa akachukua kitabu cha risiti akampigia mnunuzi wa kwanza, mzee mshona viatu aliyekuwa amemnunulia binti yake anayesomea ujenzi.

"Shikamoo, mzee. Kinyaa hapa, wa dukani."

"Marahaba, mwanangu! Kumbe unatukumbuka?"

"Mzee, ile kadi naomba uirudishe. Siyo ile niliyokuandikia. Nilikosea."

Upande wa pili nyundo iliyokuwa ikigonga soli ikasimama.

"Binti alinambia," mzee akasema. "Kila siku, baba inakwama, baba kazi za chuo hazimaliziki. Nikamletea karatasi yako nikamsomea mstari kwa mstari. Nikamwambia fundi kaandika kwa mkono wake, kadi haina shida, mvivu ni wewe."

"Mwambie hakuwa mvivu, mzee. Mwambie ni mimi."

"Nimwambie wapi, mwanangu? Chuo ameacha tangu muhula uliopita, na simu yangu hapokei."