Vidoti vya Bwana Mchapishaji

Mimi hukusanya vitabu ambavyo wageni wangu hudhani nimesahau kuvitupa. Si vya kale kabisa. Hivyo viko makumbusho, na mtu wa mshahara wangu huviangalia kupitia kioo. Vyangu ni vya zama za Malkia Viktoria, wakati mabwana fulani wa Kiingereza wenye pesa na nafasi waliposhikwa na hofu kwamba maandishi ya mababu zao yataliwa na panya. Wakisikia kijitabu fulani kimebaki nakala moja nchi nzima, walikinakili herufi kwa herufi, wakakichapa upya nakala chache za kugawana wenyewe kwa wenyewe kwenye klabu yao.

Nilivijua nilipokuja Minnesota kusoma fasihi. Fasihi haikunipa ugali, nikahamia kwenye bima, lakini vitabu sikuviacha. Muuza vitabu wa kule Anoka huniwekea pembeni kila kinachoingia. Wenzangu wa kanisani hunicheka, nami huwacheka wao na vyombo vya kioo walivyofungia kabatini, havijaonja chakula tangu vinunuliwe. Angalau mimi vyangu navisoma.

Mwaka huu vitabu hivyo vilinisaidia mahali ambapo ulimi wangu ulikuwa umeshindwa. Binti wa kaka yangu alichumbiwa. Mama yake, wifi yangu, tulimzika binti akiwa bado sekondari, kwa hiyo kazi ya kumfunda iliniangukia mimi, shangazi. Nikapanga kicheni pati nyumbani kwangu Lakeville, na wanawake wetu wote wakaanza kushona sare.

Mwali akakataa. Yeye ni mwanasheria mjini Minneapolis, na hukataa kwa ustadi. Kiswahili anakisikia chote, lakini hujibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza hicho akanieleza kwamba hatakaa mkekani amefunikwa kanga afundishwe kuwa mtumishi wa mtu. Hayo ni mambo ya kijijini, alisema. Wenzake wa ofisini wangemwandalia keki na michezo, na hiyo ilimtosha.

Iliniuma, sifichi. Keki sikuwa na ugomvi nayo. Lakini angeingia kwenye ndoa bila neno hata moja kutoka upande wa mama yake, na mimi ningebaki shangazi wa jina tu. Ile methali ya asiyefunzwa na mamaye ilinifika mdomoni nikaimeza. Mtoto aliyefiwa hatupiwi maneno kama hayo.

Badala ya kubishana, nikaenda kwenye rafu nikamletea kijitabu kimoja chembamba chenye jalada la kijani. Ndani yake, wanawake wa London wa karne nne zilizopita wamekaa sebuleni, kila mmoja na kinywaji chake, wanamfunda msichana anayeolewa wiki hiyo. Mmoja anamwambia mume akirudi na hasira asimjibu mlangoni, amwache avue viatu kwanza. Mwingine anambishia. Mama wa bi harusi anangoja zamu yake.

Alikisoma palepale kwenye kochi langu, miguu juu, huku theluji ya buti zake ikiyeyuka mlangoni. Alicheka. Nikamuuliza London nayo ni kijiji cha wapi, akajifanya hakusikia. Kisha akafika penye vidoti.

Nieleze vidoti. Yule bwana aliyekichapa upya alikuwa mwaminifu mpaka kwenye koma. Ila wanawake walipoanza kusema ya chumbani, alishikwa na haya, akaondoa maneno yao na kupanga vidoti mahali pake. Kwenye utangulizi anawaomba radhi waungwana wenzake hata kwa hayo machache aliyoyabakiza. Kijitabu chenyewe cha asili kilikuwa mali ya ukoo mmoja, na tangu hapo hakuna anayejua kiliko. Yaani aliyeyaokoa maneno ndiye huyohuyo aliyeyazika.

Binti akauliza wanawake wale walisema nini hapo. Nikamjibu kwamba mimi sijui, bali wako wanaojua, na Jumamosi watakuwa kwangu wanakula pilau. Akaniangalia kama anavyowaangalia mawakili wa upande wa pili. Mwisho akasema atakuja, lakini kwa ajili ya vidoti tu.

Jumamosi alikuja. Kanga alikubali kujifunga, kichwa alikataa kufunikwa, nami sikumsukuma. Mbele yake alikaa bibi mmoja wa Kitanga anayeishi Hopkins kwa mwanawe, ambaye amefunda wali wengi kuliko anavyoweza kukumbuka. Pembeni yake, jirani yangu Mkenya, nesi, ambaye Kiswahili chake tunakitania kila Jumapili. Nikasimama na kijitabu, nikawa nasoma na kutafsiri hapohapo. Kwenye vidoti vya kwanza nikanyamaza, nikaeleza aliyoyafanya yule bwana.

"Alikuwa anamwonea haya nani?" akauliza bibi. "Mficha uchi hazai."

"Wewe soma tu, dada," akasema nesi. "Hizo gap zote tuta-fill sisi."

Wakaziba kweli. Kila nilipofika kwenye pengo, bibi alisema lake bila kupepesa macho, nesi akaongeza la kitabibu, na wengine wakapigana vikumbo kuchangia mpaka sahani za sambusa zikasahaulika. Mimi ni mtu mzima, na kuna mambo mawili niliyasikia siku ile kwa mara ya kwanza. Mwali alicheka mpaka akafuta machozi, lakini hakutia neno.

Kisha tukafika kwenye pengo la mwisho. Mama wa bi harusi anafungua mdomo, na yule bwana anamziba kwa vidoti karibu ukurasa mzima. Niliposema hapo ni mama anaongea, nesi akaangalia mikono yake. Bibi akasema hapo si pake kusema. Hapo ni pa shangazi.

Sikuwa nimejiandaa, lakini nilijua la kusema. Nilimweleza kwamba mama yake aliwahi kunisimulia, tukimenya ndizi kwenye jiko langu, jinsi alivyolia mwaka wake wa kwanza wa ndoa. Kaka yangu hakuwa mtu mbaya. Ni kwamba wifi alifundwa kupika, kutii na kunyamaza, wala hakuna aliyemwambia kwamba mke anaweza kusema leo sitaki. Siku moja akajikaza, akasema. Kaka yangu akajibu sawa, akaondoka kwenda kumchemshia chai. Wifi alikunywa chai ile huku akishangaa muda wote alioupoteza kwa hofu. Aliniambia, "Wangu sitamficha hilo." Kisha maradhi yakamwahi.

Binti hakuwa anacheka tena. Alijifunika kanga kichwani mwenyewe, mpaka usoni, na hakuna aliyemgusa. Sauti yake ilipotoka ilitoka kwa Kiswahili.

"Shangazi, rudia hapo."

Nikarudia, tangu ndizi mpaka chai. Baadaye, watu walipokuwa wakitafuta makoti yao, akaniomba kijitabu na penseli. Vitabu vyangu siruhusu hata kikombe karibu navyo, lakini nilimpa vyote viwili na nikampisha mezani. Siku ya harusi nikamfungia kijitabu hicho kama zawadi.

Juzi yule muuza vitabu wa Anoka alinipigia simu. Kuna mteja anakitaka sana, akauliza kama kingali safi. Nikamwambia sikiuzi, kipo kwa mwenyewe, na kimeandikwa kwa penseli penye vidoti vya mwisho. Akasikitika, akasema basi kimeharibika. Nilimwacha amalize kusikitika. Halafu nikamwambia kwamba katika nakala zote alizochapa yule bwana, hiyo ndiyo pekee ambamo mama wa bi harusi amesema.