Mihogo ya Bi Mwanahawa

Siku ya mwisho ya amani kwetu Burundi, baba alikuwa uani anakunywa pombe ya ndizi na jirani yetu Stefano. Stefano ndiye aliyeileta. Alipiga funda la kwanza mwenyewe, kisha akampa baba kibuyu. Ndivyo tunavyofanya kwetu: mwenye kutoa huonja kwanza, mwenye kupokea aone hakuna sumu. Walicheka habari za mbuzi wa Stefano aliyemaliza kabichi zetu, na mama akawaambia wapunguze kelele, mdogo wangu Goreti amelala. Mimi nilikuwa na miaka tisa.

Siku tatu baadaye Stefano aliita kutoka nje.

"Toka kidogo tuongee."

Baba alitoka, maana ilikuwa sauti ya jirani.

Tulisikia miguu ya watu wengi.

Mama alimziba Goreti mdomo kwa kiganja, akanishika mkono, tukapitia nyuma, kwenye migomba. Baba hatukumwona tena.

Nimekifikiria sana kile kibuyu. Pombe ilikuwa safi kabisa. Mama naye alikifikiria, na njia nzima mpaka tunavuka mpaka alikuwa na swali moja tu: kama aliyeonja ametugeuka, asiyeonja atatufanya nini?

Tulifika Dar es Salaam tukapanga chumba Temeke, katika nyumba ya Bi Mwanahawa, mjane aliyeishi hapo na binti yake Zuhura. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila baraza limegeuka duka, kila ukuta umetundikwa mitumba. Wakimbizi walitakiwa kukaa kambini Kigoma, na sisi hatukuwa na kibali cha kuwa mjini. Akitusema mtu mmoja tu, tumekwisha. Mama akatufundisha la kujibu: sisi ni Waha wa Kasulu, baba yuko safarini. Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu, asiyejua hatatofautisha. Tulirudia maneno hayo asubuhi kama watoto wa madrasa.

Mama hakumwamini mtu, na mashaka yake yote yaliingia jikoni. Ndoo ya maji ililala ndani, karibu na kichwa chake. Sokoni Tandika alinunua mchicha kwa muuzaji huyu leo, kesho kwa mwingine, asizoeleke. Wapangaji wote walipika uani wakichekeana, yeye alipikia chumbani, macho yakimtoka machozi kwa moshi. Bi Mwanahawa alipotuletea sahani ya chakula, mama alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akaenda kuimwaga chooni. Mimi nilisimama mlangoni nikinusa nazi inavyopotea. Nilimchukia mama siku hizo, nakiri.

Goreti alikuwa anakonda. Tumbo lilimsumbua tangu njiani, ugali hautaki, maharage hayataki. Alibaki macho tu.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Alasiri moja Bi Mwanahawa, ambaye alikuwa amefunga, alikuja na bakuli la mihogo ya nazi inayotoka moshi. Hakungoja jua lizame. Alimwekea Goreti bakuli mapajani, palepale kwenye ngazi ya uani, wapangaji wote wakiona.

"Huyu hafungi, mwanangu. Muache ale sasa hivi, kakonda mno."

Mama hakuweza kwenda kuimwaga mbele za watu. Akasema kwa adabu yote ya kwetu:

"Asante, mama. Onja kwanza."

"Chumvi? Ipo, usihofu." Bi Mwanahawa alicheka kidogo. Akachovya kijiko, akagusa rojo kwa ncha ya ulimi, akageuka pembeni akatema. "Imekolea."

Mama aliona kutema tu.

Alilipiga bakuli kwa mkono. Mihogo ikatapakaa mchangani.

Goreti akaanza kulia.

Mpangaji mmoja, mwanamke wa chumba cha mbele, akasema bila kumung'unya, "Kumbe anamwona bibi wa watu mchawi."

Bi Mwanahawa alimtazama mama muda mrefu, kisha akaniangalia mimi. Nilidhani atatutukana. Akamwambia mama polepole, "Kaa, mwanangu. Mie sijakasirika. Usiende popote."

Laiti angetutukana. Mama angeelewa matusi. Sauti ile ya upole ndiyo iliyomtisha, kwa sababu alikwisha kuisikia mara moja nje ya mlango wetu. Wakati wenzetu wanafuturu, alifunga nguo kwenye kanga, akabeba ndoo, tukatoka kwa mlango wa mbele.

Tulihamia Tandale. Huko hatukujulikana, na mama alifurahi. Lakini mjumbe wa nyumba kumi alipokuja kuuliza tumetoka wapi, hapakuwa na mtu hata mmoja wa kutusemea. Nilijibu Kasulu. Akaniuliza mtaa gani, shule gani. Nikarudia tulichofundishwa: baba yuko safarini.

Tulipandishwa treni ya Kigoma. Kambini Goreti alianza kuharisha, na kabla mvua hazijaanza tulimzika.

Nilipokuwa mtu mzima tulirudi Dar, nikaolewa Mbagala. Ramadhani yangu ya kwanza ukweni nilimwona mama mkwe akionja futari jikoni: tone kwenye ulimi, kisha anatema, asije akafungua. Nilimuuliza kama kila mtu hufanya hivyo. Akanishangaa. "Sasa utajuaje chumvi?" Nikaketi chini kwenye kigoda, nikashindwa kumenya viazi.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Temeke. Bi Mwanahawa alikwisha kufariki. Zuhura sasa ni mama wa watu wazima, alinitambua nilipotaja mihogo.

"Mama alitoka kuwatafuta kesho yake," akasema. "Akazunguka mpaka Mtoni."

Nikamwambia tulikuwa tunaogopa atatupeleka kwa mjumbe.

"Mjumbe?" Zuhura alinitazama kama anayepima aseme au asiseme. "Mjumbe alikuja wiki ile mliyohamia hapa. Mama alimwambia nyie wakwe zake, kawaleta mwenyewe kutoka Kigoma. Alijua mmetoka wapi. Mdogo wako alikuwa anaota kwa sauti, akiitaja Burundi, na ukuta ule mwembamba."

Nilirudi nyumbani kwa miguu sehemu kubwa ya njia.

Mama yu hai, tunaishi naye. Bado anapika mwenyewe, bado hali kwa mtu. Vita vilipomchukua baba, mama alijua wa kumlaumu, na hilo limemsaidia kuishi. Kuhusu Goreti anamlaumu mjumbe wa Tandale, siku nyingine treni, siku nyingine maji ya kambini.

Jioni ile aliniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia sokoni.