Kuku wa Vizimba kwenye Kilima cha Pankras

Nanunua kuku wa kienyeji upande wa Mbinga, nawateremsha Mbamba Bay, na nikirudi napakia usipa mkavu, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Kazi hii imenizoeza kumtazama kuku kwanza, mwenye kuku baadaye. Kuku wa Walburga sikuhitaji kuwatazama sana. Walikuwa na macho makavu na uzito wa kweli, si ule wa kushindiliwa pumba asubuhi mnunuzi akisikika anakuja.

Walburga ni mjane, anaishi Mpepai. Mumewe alipofariki, kahawa iliingia chini ya usimamizi wa shemeji yake, Pankras, mkubwa wa ukoo pale kilimani. Kuku hakuna aliyekumbuka kuwasimamia. Kwa kuku hao Walburga ameezeka bati na kumsomesha binti yake. Ni mali pekee ambayo haombi ruhusa kwa mtu.

Mwaka juzi, mtu mmoja karibu na mjini aliyefuga kuku wa mayai kwenye vizimba alishindwa na bei ya chakula. Akafunga geti akaondoka, kuku wakiwa ndani. Mlinzi akanipigia simu nikawaone. Nikawaona, nikakataa. Migongo haina manyoya, kucha zimejikunja kama ndoano, midomo imekatwa ncha. Kuku wa hivyo ukimpeleka sokoni umeuza na jina lako.

Nilimsimulia Walburga kama habari tu. Akaacha kupepeta mahindi.

"Wanataga bado?"

"Wangekuwa wanakula, wangetaga."

"Basi hao hawaumwi. Wana njaa. Nipeleke."

Mlinzi alitupatia bure, akifurahi kupunguziwa shimo la kuwafukia. Tukawafunga kwenye matenga, nikawapandisha kwa pikipiki. Pankras alikuwa amesimama njiani, juu kidogo ya nyumba ya Walburga.

Lazima mtu aelewe kilima cha Wamatengo. Ukoo mmoja unakaa mgongo mmoja, nyumba chini ya nyumba, na chini ya nyumba kuna mashamba ya ngoro, yale mashimo yaliyopangwa kama sega la nyuki kuzuia udongo usiteremke na mvua. Kuku wa kila nyumba wanachakura kwenye mashimo hayo hayo. Kuku wako akikohoa, kilima kizima kina kikohozi. Na kideri, ugonjwa unaofagia kuku kwa siku chache, kiliwahi kupita pale kikaacha mabanda matupu kuanzia juu hadi mtoni.

"Shikamoo, shemeji," Walburga alisema.

"Marahaba. Hao mbona wako uchi?"

Mimi nilicheka. Pankras hakucheka.

"Ni kuku wa mayai, shemeji. Watakaa stoo ya kahawa, peke yao, mpaka niridhike nao."

"Mwaka wa kideri ulikuwepo hapa. Ulizika kwa mikono yako."

"Nilikuwepo."

"Basi sikiliza, na huyu mchuuzi wako awe shahidi. Kuku mmoja akifa kwa kideri kwenye kilima hiki, nakuja na kisu. Hao wageni na wale wako wa zamani, wote. Sitauliza aliyekufa ni wa nani."

"Sawa, shemeji."

Alipoondoka nilimwambia Walburga amekubali bei ya kwanza, jambo ambalo mtu mwenye akili hafanyi.

"Ningebishana, angesema warudi leo," alijibu. "Fungua matenga."

Kuanzia hapo kila nilipopanda kilima nilisikiliza kwanza kama majogoo wake wanawika.

Aliwafungia wageni stoo kweli. Ndala za stoo hazikutoka stoo, na maji ya wageni yalichotwa kwa kopo lao. Hawakujua chochote. Ukiwamwagia mahindi waliyatazama kama mawe. Mchwa akipita walimkimbia. Jioni hawakupanda juu ya fito, walilundikana kona moja, na Walburga akawa anawapandisha mmoja mmoja, kila siku, kama mtu anayepanga vyombo kabatini.

Kisha akanunua chanjo ya kideri. Chanjo yenyewe ni tone moja la jichoni, lakini kichupa kinatosha kuku wa kilima kizima, na kikishafunguliwa hakilali. Ndiyo maana huku watu huchanja kwa pamoja. Akatuma salamu kila nyumba. Jibu la Pankras lilikuja kupitia kwa mkewe, Rosina, aliyelitoa akitazama chini: dawa ya kuku wa uchi haitaingia kwenye jicho la kuku wake. Nyumba nyingine ziliposikia mkubwa amekataa, nazo zikakataa. Walburga akawatonesha wa kwake, wa zamani na wageni, dawa iliyobaki akaichemsha na kuifukia.

Alipoona wageni wameota manyoya, aliwahamishia uani, nyuma ya wavu, waonane na wenyeji bila kugusana. Baadaye akatoa wavu. Chakula alikimwaga sehemu nyingi zilizoachana, ili anayefukuzwa huku ale kule. Bado alikuwapo kuku mmoja mweusi, mtagaji wake bora, aliyewafuata wageni kila walipokwenda. Siku moja alimdonoa mmoja utosini mpaka damu, na kuku wakishaona damu hawaachi. Nilimkuta Walburga amempaka majivu yule aliyejeruhiwa, na mweusi amefungwa miguu, ananisubiri mimi.

"Huyu si ndiye bora wako?"

"Ndiyo maana leo hutapunguziwa."

Sikupunguziwa.

Wakati huo huo mtoto wa Pankras, Adrian, alikuwa amechumbia msichana wa Tingi, na wakwe wakapanda kuja kutambulishana. Nilipishana nao njiani wamebeba usipa na jogoo mmoja mkubwa wa madoadoa kama kanga. Jogoo wa mkwe hafungiwi stoo. Anafunguliwa kamba uani, wageni wakitazama, achanganyike na wa nyumbani. Kumtenga ni kusema nyumba yao ina uchafu. Pankras alimfungua kwa mikono yake mwenyewe, watu wakapiga vigelegele. Kwa hesabu ya kilima, huyo hakuwa kuku mgeni.

Safari iliyofuata sikusikia jogoo akiwika juu kwa Pankras. Nilimkuta Walburga kasimama mlangoni mwa banda, anawahesabu kuku wake kwa macho.

"Kwa shemeji wamepinda shingo," alisema. "Wawili wamekufa asubuhi."

Kabla sijashusha matenga, Pankras alikuwa anateremka, kisu mkononi, Rosina nyuma yake.

"Uliahidi," alisema.

"Niliahidi. Shikamoo, shemeji."

Hakuitikia. "Toa kuku."

"Wote wako hapa. Nionyeshe mmoja aliyepinda shingo, nianze na huyo."

Pankras alizunguka uani. Alimwinua mmoja, akampanua jicho, akamwachia. Akamwinua wa pili.

"Hawa ndio wanaobeba," Pankras alisema mwishowe. "Wanaleta, wao hawafi."

Neno hilo lilikuwa na uzito, maana si uongo kabisa kwamba kuku anaweza kubeba asichoumwa. Nilidhani biashara imeisha.

"Jogoo wa wakwe yuko wapi?" Walburga aliuliza.

Aliyejibu ni Rosina.

"Tulimla."

"Mlimchinja kwa ajili ya sikukuu gani, dada?"

"Alikuwa anasinzia. Tukasema asije akaharibika." Rosina alimtazama mumewe, kisha akamalizia. "Manyoya na matumbo nilitupa kwenye ngoro."

Wote tuligeuka kutazama chini. Kuku wa Pankras ndiko wanakoshinda. Na wa nyumba zote.

"Usiwaingize wakwe zangu," Pankras alisema, sauti ikiwa chini kuliko mwanzo. "Mtoto ana harusi."

"Sijamtaja mtu. Lakini ukichinja hawa, kila nyumba itaniuliza sababu, nami nitaijibu. Shahidi ni huyu, ulimchagua mwenyewe. Usipochinja, sina wa kumjibu."

Nilitazama tairi la pikipiki yangu. Katika biashara kuna dakika ambayo anayesema kwanza ndiye anayelipa. Pankras alikuwa amebanwa. Kilima kizima kilimwona akiteremka na kisu, na mkubwa wa ukoo hapandi na kisu kikavu.

Walburga aliliona hilo kabla yangu. Aliinama, akamkamata mmoja wa wageni, aliyeota manyoya vizuri, akampa.

"Mchinjie pale juu njiani, shemeji, watu waone. Waambie umeona mmoja aliyekutia shaka na umemaliza. Kisha tufukie yale ya kwenye ngoro. Na kichupa kingine nikinunua, wale wako watakaobaki waje."

Pankras alimpokea kuku. Alisimama nusu njia, mahali panapoonekana na nyumba zote, akamchinja.

Kwake walibaki wachache. Nyumba mbili za chini zilipoteza karibu wote, na wengine wanaamini hadi leo kwamba ni kuku wa uchi. Harusi imepita, mtoto amezaliwa, ndiyo maana naandika. Kichupa kilichofuata kilifunguliwa uani kwa Walburga, na Rosina ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, vifaranga kwenye kapu. Hakukubaki tone la kuchemsha.

Siku ile ya kisu, wakati nafunga matenga matupu, nilimuuliza Walburga kwa nini alimtoa yule, kuku mzuri namna ile.

"Tangu aje hajataga," alisema, akaenda kuwamwagia wengine mahindi.