Kitovu Hakikuwa kwenye Mapatano

Siku ya tisa baada ya operesheni muuguzi alikata plasta kwa mkasi, akafunua bandeji, halafu akanyamaza. Nilikuwa nimelala chali natazama dari. Siku zote alizonihudumia alikuwa akiimba kidogokidogo puani, kwa hiyo aliponyamaza nikainua kichwa. Katikati ya tumbo langu, pale penye kitovu, palikuwa na kitu cheusi, kimekauka pembeni na kulowa katikati, kama karanga iliyosahauliwa kwenye kikaango. Harufu ilinifikia baadaye kidogo. Vidonda vyangu vya zamani nilikuwa nimevizoea, navyo vilinuka jasho. Hii ilinuka nyama iliyokufa.

"Sista, hicho ni nini?"

"Ni kitovu, Mama. Kitapona."

Nikamwambia kitovu changu hakikuwa kwenye mapatano. Tulipatana nikatwe ile ngozi inayoning'inia chini, basi. Akanitazama, akatazama karatasi iliyokuwa mguuni mwa kitanda, akanitazama tena. Akanifunika haraka na kusema anamwita daktari. Daktari hakuja siku ile, wala kesho yake.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba wamenifanyia ile operesheni nyingine.

Wacha nirudi nyuma, maana sokoni wamelieleza jambo hili kwa namna yao, na karibu wote wanasema nilitaka urembo.

Mimi ni muuza vitenge. Nanunua Busia upande wa Uganda, nauza Busia upande wa Kenya, na kazi hiyo nimeifanya tangu watoto wangu hawajaota meno. Nilikuwa mnene, mnene wa kukaa kwenye kiti kutwa nzima na kula kile kinachopita mbele yangu. Kisha nikapata ugonjwa wa sukari. Daktari mmoja wa Tororo alinitisha, akasema miguu itafuata. Nikaacha chapati, nikaacha soda, nikaacha kupanda boda hata kwenda kanisani. Haikufika miaka miwili, nusu ya mwili wangu ilikuwa imekwenda.

Mafuta yaliondoka, ngozi ikabaki inayasubiri. Ilishuka mpaka mapajani kama aproni ya mpishi. Chini yake palikuwa pabichi saa zote, na wakati wa joto palichubuka nyama ikaonekana. Nilikuwa nachana vitenge vibovu vipande virefu na kuviweka hapo kati vinyonye jasho.

Sasa hapo mpakani kila mtu anajua kuna wanawake wanaojifunga vitambaa tumboni ili wasilipe ushuru. Nami nilifanya nikiwa msichana, sifichi. Kwa hiyo akina mama wa forodha hawatazami uso wako, wanatazama tumbo. Nilipokuwa mnene wa kujaa, hakuna aliyenishuku. Lakini mikono ilipokonda, shingo ikakonda, na chini ya gauni kuna kitu kinayumba kushoto na kulia, wakaanza.

Wa kwanza alikuwa binti mdogo mwenye glovu. Aliniingiza kwenye kile chumba cha kusakia, akanibonyeza kwa kiganja.

"Mama, fungua mzigo."

Nikamwambia sina mzigo.

"Na huu unaocheza?"

Nikapandisha gauni. Alichoona kwanza ni vile vipande vya kitenge, akajua amenikamata, akavuta. Kitambaa kilitoka na gamba la kidonda. Hapo ndipo akaona ngozi. Akasema pole, huku macho yako ukutani.

Ningemsamehe kama ingekuwa mara moja. Lakini zamu hubadilika, na kila zamu ina mwenye kushuku. Wenzangu wakafanya mchezo. Tukiwa kwenye foleni, mmoja nyuma yangu husema, "Leo Mama kafunga dazani nzima, tusimame mbali naye tusije tukakamatwa pamoja." Watu wanacheka. Nami nacheka, nitafanyaje, halafu naingia chumbani kupandisha gauni.

Nikarudi kwa daktari wa Tororo. Nasema wazi kwamba huyu simo naye kwenye ugomvi, ingawa wakati ule nilimshuku kuliko wote. Alichukua kadi yangu ya sukari, akachora matumbo mawili nyuma yake. Tumbo la kwanza, alisema, tunakata ngozi inayoning'inia tu, tunashona chini. Kitovu kinabaki mahali pake. Hutakuwa mwembamba, utabaki na kitumbo, ila vidonda vitakwisha. Tumbo la pili tunakata kutoka nyonga hadi nyonga, tunainua ngozi mpaka mbavuni, tunavuta misuli ya ndani na kuishona pamoja kama mtu anayekaza mkanda, tunaivuta ngozi chini, kisha tunatoboa tundu jipya la kitovu.

Akasema hili la pili kwa mwenye sukari kama yangu ni hatari, kwa sababu ngozi iliyoinuliwa mbali hivyo hupata damu kidogo, na isipopata inakufa.

"Mama yangu, wewe unataka vidonda viishe au unataka tumbo la msichana?"

Nikasema vidonda.

"Basi ni hili la kwanza." Akalizungushia mduara. Lakini si sasa, akasema. Sukari ishuke kwanza, uzito utulie nusu mwaka usipande wala kushuka, ndipo nije.

Nilitoka pale moyo umejaa. Nusu mwaka wa kupandisha gauni. Nikaenda Lunyo kwa mdogo wangu nikamweleza, naye akasema neno ambalo mpaka leo linanikera sikioni: "Dada, wanakupa nusu kwa sababu wewe ni mtu wa sokoni. Mke wa bwana mkubwa wangemfanyia lote, tena kesho." Mdogo wangu analia nikimtaja. Alie. Lile neno lilikuwa lake, na lilinifanya nimwone daktari mkweli kama mtu anayenificha kitu.

Sasa nimtaje mwenyewe. Ni ejenti wetu, yule anayetujazia fomu za forodha. Ananiita shemeji, anawaita wote shemeji, ingawa hakuna nyumba ya kwetu iliyompa mke. Kazi yake inakwenda hivi. Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, na wengi wetu ni hivyohivyo. Fomu ni za Kiingereza na dirisha lina foleni. Basi asubuhi anatupitia na karatasi tupu, tunaweka sahihi pale chini, yeye anajaza huko juu akifika dirishani. Anazo begini nyingi zenye majina yetu chini na huko juu hazijaandikwa neno. Pale dirishani haandiki ulicho nacho, anaandika kile kitakachopita. Ukibeba vitenge vya nta na siku hiyo vinasumbua, ataandika mashuka. Miaka kumi na moja nimemwekea sahihi na sijapoteza robota hata moja. Kwa hiyo nilimwamini, na kwetu mtu anayesoma karatasi kabla ya kumpa anaonekana ana kiburi.

Aliniona natoka chumba cha kusakia macho mekundu. Akasema upande wa Kenya kuna kliniki, daktari wake ana mkono mwepesi, hakuna mambo ya nusu mwaka. "Shemeji, Tororo watakuzeesha kwenye foleni." Akanionyesha kwenye simu tumbo la mwanamke, limenyooka kama ubao wa kupigia pasi, kitovu kama tundu la kifungo. Mtu mwenye akili angeuliza ejenti wa mizigo amejuaje mambo ya matumbo, na anaipata wapi picha ya mwanamke asiye na kichwa. Mimi nilijiuliza baadaye, tumbo limekwisha kufunguliwa.

Lakini niliongea. Hilo nitalisema mpaka nife. Nilimpa ile kadi ya Tororo, nikaweka kidole kwenye mduara, nikamwambia ni hili dogo, na aseme nina sukari. Akasema amesikia. Akaitia kadi begini pamoja na fomu zake.

Siku yenyewe tulikaa kwenye benchi la kliniki, yeye akaenda dirishani na kurudi na karatasi. "Weka sahihi hapa chini, shemeji. Huko juu nitajaza."

Nikaweka. Mkono wangu umezoea, hata haukuniuliza.

Walipokuwa wananichoma sindano, yule daktari alisimama kichwani pangu na barakoa. Nikamshika mkono. "Daktari, kitovu hutakigusa?"

"Lala, Mama. Ukiamka utafurahi."

Nilichukua hilo kuwa ni jibu. Lirudie, utaona si jibu.

Niliamka nimekunjika kama kisu cha mfukoni. Sikuweza kunyooka, misuli imevutwa mpaka pumzi inakwama. Wakaniambia ni kawaida. Kila nilichouliza kilikuwa kawaida, mpaka ile siku ya tisa.

Mdogo wangu ndiye aliyenitoa pale akanivusha na kunipeleka Tororo. Daktari wa Tororo aliikata ile sehemu nyeusi, na sehemu nyingine nyeusi iliyokuwa inafuata chini yake kwenye mshono, akaliacha shimo wazi lijae lenyewe. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Ile kadi niliyokuchorea iko wapi?"

Sikuwa nayo. Shimo lilichukua miezi kujaa, na mimi nilikuwa nalisafisha nyumbani kwa maji ya chumvi, najiuliza nani alifanya nini. Nilimshuku muuguzi, nikamshuku mdogo wangu, nikamshuku hata aliyeniletea uji kliniki. Nikaona hapana, jambo hili lina karatasi. Lazima niione karatasi.

Nilivuka nikiwa bado nimefungwa pamba nene na bandeji. Na nani yuko zamu? Yule binti wa glovu. Akaona gauni limevimba tumboni, akaninyooshea kidole niingie. Chumbani akabonyeza, nikaruka kwa maumivu. "Leo umefunga nini?" Nikapandisha gauni. Bandeji ilikuwa imetota manjano na ncha moja imefunguka. Binti akavua glovu, akanawa mikono kwenye ndoo ya kona, akaikaza ile ncha na kuipenyeza ndani taratibu, kama anafunga mtoto. "Pita, Mama." Hajanisimamisha tena, na katika watu wote wa mkasa huu ndiye pekee aliyenishika kwa adabu.

Kliniki walinizungusha, nikakaa kwenye benchi lao na harufu yangu mpaka wateja wakaanza kuhama. Wakanipa nakala ya ile karatasi niliyoweka sahihi. Mdogo wangu alinisomea Lunyo, amesoma kunipita. Kuna sehemu inasema operesheni ipi, na visanduku viwili. Tiki iko kwenye kikubwa. Kuna sehemu inauliza kama mgonjwa ana kisukari. Imejibiwa hapana. Chini kuna sahihi, nayo ni yangu, imepinda kama kawaida.

Sijui kusoma Kiingereza, lakini ile tiki naijua. Ina mkia unaorudi nyuma kama ndoano ya samaki. Nimeiona miaka kumi na moja juu ya fomu za vitenge vyangu. Aliniandika mimi kama anavyoandika mizigo, akaandika kile kitakachopita.

Nilimkuta ejenti chini ya mwavuli wake, mbele ya wateja. Hakukataa mwandiko. Alisema, "Shemeji, mimi najaza wanachoniambia nijaze. Ningeandika sukari wangekurudisha. Na ile ndogo hawaifanyi pale. Muulize daktari." Nikaenda kwa daktari. Yeye alisema, akiwa amesimama mlangoni ili nisiingie, "Sahihi ni yako, Mama."

Kila mmoja ananituma kwa mwenzake, kama madirisha ya forodha wakati wa chakula cha mchana.

Leo ngozi inayoning'inia haipo, ni kweli. Vidonda vya chini havipo. Mahali pa kitovu pana kovu lililoingia ndani, na robota la vitenge siwezi kuliinua, nikilijaribu kitu kinavuta ndani kama uzi unaotaka kukatika. Nauza vichache, navyo nabebewa. Wenzangu wanasema nishukuru nimepona. Na wale wanaosema nilitaka urembo, nao wanaendelea kumwekea sahihi karatasi tupu kila asubuhi, nawaona.

Najua nami nimo. Sahihi ni yangu. Nimekwisha kujijibia hiyo mbele ya watoto wangu. Sasa wabaki wale wawili.

Wewe ejenti, nilikuambia kwa mdomo wangu nina sukari na nikaweka kidole kwenye mduara. Kadi yangu ya Tororo uliipeleka wapi, na hiyo kliniki inakupa nini kwa kila mwanamke unayempeleka? Na wewe daktari, niliposhika mkono wako nikakuuliza kitovu, ulikuwa umejua kwamba mimi na karatasi hatusemi jambo moja. Kwa nini hukusimama? Nitakuwa Tororo, kwenye kile chumba cha yule daktari aliyenichorea, kila siku ya kliniki ya sukari. Njooni wote wawili siku moja, mkae mbele yake na nakala iwe mezani, mniambie ni nani aliamua.